Mzigo Uliofungwa Vizuri

Barabara ya vumbi inayotoka Mlandizi, wilayani Kibaha, kwenda Mzenga na Maneromango, wilayani Kisarawe, inakutana na njia tatu za reli. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ina upana wa mita moja. Reli ya kisasa, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067, na Mzenga penyewe pana stesheni yake. Behewa la reli moja haliingii kwenye nyingine. Mwendesha baiskeli huzivuka zote, na magurudumu yake mawili humfikisha jioni hadi kwenye kijiji atakapopiga hema. Safari ya namna hiyo ni ufundi kamili, na mabingwa wake wako hukuhuku Kisarawe.

Mabingwa hao ni wanaume wanaotoka alfajiri na mkaa, kuni, muhogo au mananasi, wakiteremka milima ya Pugu kuelekea Dar es Salaam. Mkaa umeigharimu sana misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, nami nafurahi kwamba leo misitu hiyo ni hifadhi ya mazingira asilia. Lakini mikono inayofunga gunia lile ina elimu inayostahili heshima. Fundi huongezea nondo kwenye uma na keria ili fremu isivunjike. Gunia hulazwa chini kadiri inavyowezekana, kisha hukazwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mpira huvutika na kurudi. Kamba ya katani ikilegea mara moja, imelegea. Pembeni huchomekwa gongo lenye panda, la kuegemezea baiskeli mwenyewe anapopumzika.

Anayesafiri na hema, blanketi, sufuria na lita kadhaa za maji ana somo lilelile la kujifunza. Vizito vikae chini, karibu na ekseli, na uzito wa kulia ulingane na wa kushoto. Mzigo ukipandishwa juu ya keria, baiskeli huyumba kila mguu unapokanyaga pedeli, na spoku za gurudumu la nyuma huanza kukatika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baiskeli humnyima msafiri faraja hiyo, kwa maana kila kilo aliyoipakia atailipia mwenyewe kwenye mlima. Ndiyo maana mzoefu hufungua mizigo yake usiku wa kuamkia safari na kutoa nusu.

Kisha kuna mchanga. Ardhi ya Pwani ni ya kichanga, na miezi ya kiangazi barabara hulainika hadi gurudumu la mbele likalima badala ya kupita. Anayeshika usukani kwa nguvu huanguka. Aliyefundishwa hupunguza upepo kidogo ili tairi litanuke, husogeza uzito nyuma, hulegeza mikono na kutazama mbali. Hufuata ukingo wa barabara, pale ambapo nyayo za wanafunzi na kina mama waendao kisimani zimeushindilia mchanga ukawa mgumu. Hapo ndipo utaona kwamba kila njia nzuri ya baiskeli ilikwisha kutengenezwa na waenda kwa miguu.

Mwendo wenyewe, kilomita kumi hivi kwa saa, una fadhila yake. Ukimwamkia mzee aliyeketi chini ya mkorosho kwa shikamoo, utasikia marahaba yake kabla hujampita, na akikuuliza utokako utapata nafasi ya kujibu. Gari likipita, salamu hubaki vumbini. Hata pancha ina baraka zake. Utaomba beseni la maji, utaizamisha tyubu hadi mapovu yaonyeshe tundu, utapiga msasa, utapaka solusheni na kuisubiri ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Subira hiyo ya dakika chache ndiyo hukupatia habari za kijiji: bei ya korosho, mvua zilizochelewa, daraja lililosombwa.

Ufundi wa mwisho ni wa kulala. Hema halipigwi kabla ya hodi kupigwa. Mgeni humtafuta mwenyekiti wa kitongoji jua lingali juu, hujitambulisha, na huonyeshwa mahali. Hapo naye atumie macho. Asilale chini ya mnazi, maana nazi haichagui kichwa; akague ardhi asije akawa kwenye njia ya siafu; na akiwa upande wa Mto Ruvu, akae mbali na ukingo, kwa sababu ya mamba na viboko. Akikaribishwa ugali asikatae, na asubuhi apaache mahali pale safi kuliko alivyopakuta. Kijiji humkumbuka mgeni kwa alivyoondoka, na atakayefuata na baiskeli yake atapokewa kwa kumbukumbu hiyo.

Nawasihi vijana wa Dar es Salaam, ambao Kibaha kwao ni kilomita arobaini tu, waujifunze ufundi huu kwa wenye nao. Na kwa wahandisi nina ombi. Wananchi wa Mzenga na Maneromango wanastahili lami, kwa ajili ya mgonjwa anayewahi hospitali na mkulima mwenye mazao yanayooza. Mtakapoichora barabara hiyo, iwekeeni mabega mapana pande zote mbili. Barabara ya Morogoro imeonyesha jinsi lori na baiskeli visivyoweza kugombania ukanda mmoja bila mtu kuumia. Anayeamka alfajiri kulilisha jiji kwa nguvu za miguu yake ana haki ya kipande chake cha lami.