Pakiti, Mbegu na Ahadi

Mbegu haina uso. Punje ya pilipili na punje ya bilingani zikitiwa katika kiganja kimoja, mtu mzima asiye mkulima hawezi kuzipambanua, sembuse mtoto. Bidhaa nyingine hujisemea zenyewe dukani: mpira hudunda, filimbi hulia, andazi hunukia. Mbegu hutoa ushahidi wake baada ya siku nyingi, wakati pakiti yake imekwisha kutupwa. Kwa hiyo pakiti ndiyo mdomo wa mbegu, na yeye aipambaye pakiti kwa ajili ya watoto huweka ahadi kwa mtu asiye na subira, asiyesoma maandishi madogo, na aaminiye kila picha aionayo. Kazi ya namna hii yastahili kuhakikiwa kama ihakikiwavyo kazi nyingine ya maneno na sura. Kipimo chake ni kimoja: je, mchezo ulio juu ya pakiti unaeleza ukweli wa mmea uliomo ndani?

Mfano mwema wa kupimia ni vijisanduku vilivyoitwa Little Garden, yaani Bustani Ndogo, ambavyo maduka ya New World ya Nyuzilandi yaliwagawia wanunuzi mwaka 2016. Kila aliyenunua vitu vya dola 40 alipewa kimoja. Mwaka 2019 maduka ya Woolworths ya Australia yalifuata njia iyo hiyo kwa jina la Discovery Garden, yaani Bustani ya Uvumbuzi, yenye aina 24 za mboga, viungo na maua, kimoja kwa kila dola 30. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na chungu kidogo chenye kuoza ardhini, kidonge cha udongo mkavu ulioshindiliwa, na kipande cha karatasi kilichobeba mbegu.

Sifa ya kwanza ya kazi hii ni kidonge. Mtoto hukitia maji, nacho huvimba mbele ya macho yake mpaka kikajaza chungu. Mshangao huo haukubandikwa juu ya bidhaa kwa rangi wala kwa katuni. Umetoka katika tabia ya kitu chenyewe, nao humfundisha mtoto, bila ya hotuba, kwamba maji ndiyo mwanzo wa kila kuota. Sifa ya pili ni chungu. Mche ukikua, hupandwa pamoja na chungu chake, nacho huwa udongo. Aghalabu chombo cha bidhaa ni ganda la kutupwa. Hapa chombo kimeingia katika kazi, na mtoto hupata kuona kwamba kitu kilichokwisha kutumika kinaweza kuwa chakula cha kingine. Hapana katuni iwezayo kusema hayo kwa ufasaha zaidi.

Walakini kuna kasoro, nayo si ndogo. Vijisanduku vimefanywa vya umbo moja na kimo kimoja, kana kwamba mimea yote ni ya rika moja. Ukweli ni mbali na hapo. Figili huchomoza kwa siku 4 hadi 6, na huweza kuliwa baada ya wiki 4 hivi. Karoti huweza kukaa siku 10 hadi 20 kabla ya kuonyesha jani, na lavenda huweza kukaa wiki 2 hadi 4. Mtoto aliyevitia maji vyungu vitatu siku moja ataona kimoja kinachangamka na viwili vimenyamaza. Kwa kuwa sura ya nje imemwambia kwamba vyote ni ndugu sawa, atakata shauri kwamba viwili vimekufa, au kwamba mkono wake ni mbaya. Atavifukua kutazama, na kwa kuvifukua ataviua. Hapo pakiti imemdhulumu mara mbili: imemnyima mmea, kisha imempa hatia isiyo yake.

Kasoro hiyo huzidishwa na tamaa ya kukamilisha idadi. Mtoto aambiwapo kwamba aina ni 24, hesabu yake huhama kutoka majani kwenda vyungu. Yamkini mtetezi atasema kwamba hii ilikuwa zawadi ya duka, haikuwa shule, na kwamba duka lina haki ya kuvuta wateja. Haki hiyo haikanushwi. Lakini aliyechagua jina la bustani amechagua pia masharti yake. Bustani hupimwa kwa kilichoota, na jina la Uvumbuzi ladai zaidi kuliko jina la Ndogo, kwa kuwa mvumbuzi huhitaji muda wa kungoja.

Ajabu ni kwamba somo lililokosekana katika vijisanduku vya watoto limekwisha kupatikana katika mifuko ya wakulima wazima wa Afrika ya Mashariki. Kampuni ya Seed Co, yenye asili ya Zimbabwe, huuza Kenya mahindi yaliyopewa majina ya wanyama: Duma 43 ni yale yawahiyo kukomaa, Tembo 73 ni yale yachukuayo muda mrefu, na Simba 61 yamo katikati. Mkulima hahitaji kamusi wala jedwali. Duma hukimbia, tembo huenda polepole lakini ni mkubwa. Na jina limekwisha kumwambia lini atarajie mavuno. Huu ni mchezo, tena ni mchezo wa watu wenye njaa ya kweli na karo za shule za kulipa. Mnyama hakutiwa pale kwa kupendeza tu. Ametiwa kwa sababu mwendo wake ni habari. Mchoraji wa pakiti za watoto aliyeweka sungura juu ya figili na kobe juu ya lavenda angekuwa amemaliza nusu ya mafundisho yake kabla ya pakiti kufunguliwa, kwani hakuna mtoto wa pwani au wa bara asiyejua tofauti ya wawili hao.

Kiswahili kina hazina nyingine ifaayo kazi hii, nayo ni kitendawili. Kuku wangu katagia miibani: jawabu ni nanasi. Fumbo hilo limefanya kwa maneno machache jambo ambalo picha ya rangi nyingi hushindwa kulifanya, maana limemlazimisha msikilizaji kuufikiria mmea, majani yake na miiba yake, kabla ya kulitaja tunda. Pakiti ya mtoto ingeweza kutega fumbo upande wa mbele, na jawabu lisichapwe upande wa nyuma. Jawabu na liote. Kungoja ambako sasa ni adhabu kungekuwa sehemu ya mchezo, na mtoto angerudi kwenye chungu kila asubuhi kama arudivyo kwa bibi yake kumpa mji.

Limebaki jambo moja ambalo hapana uzuri uwezao kulifidia. Mbegu nyingi za madukani hutiwa dawa ya kuzuia ukungu na wadudu, kisha hupakwa rangi nyekundu, buluu au kijani ili zisidhaniwe kuwa chakula. Kwa mkulima rangi hiyo ni onyo. Kwa mtoto wa miaka minne ni peremende. Mchoraji akizitia punje hizo katika pakiti yenye sura ya pakiti ya tamutamu, ameligeuza onyo kuwa mwaliko. Bidhaa ya bustani ya watoto haina budi kuwa na mbegu zisizotiwa dawa, na mfuko wake usifanane na mfuko wa kitu cha kutafunwa. Hili halihusu ladha ya mhakiki wala mtindo wa zama, lahusu uhai.

Kwa jumla, Little Garden ni kazi iliyofaulu mkononi na kupungukiwa usoni. Kidonge na chungu vyasema kweli; umbo moja na hesabu ya kukusanya vyaficha kweli. Atakayefuata njia hii na aanze kwa kuuliza mmea husika huchukua siku ngapi, kisha ndipo atafute rangi. Mtoto aliyeahidiwa siku 5 akaona jani siku ya 5 ataamini pakiti nyingine, na huenda akaiamini ardhi maisha yake yote.