Vitabu Vifaavyo Nyumbani

Kitabu kiingiapo nyumbani ni mgeni. Chastahili kupokewa kwa heshima na kusikilizwa kwa makini, walakini mgeni hapewi ufunguo wa nyumba kabla tabia yake haijajulikana. Yuko mgeni mwenye ulimi mtamu ambaye akiondoka huacha ugomvi nyuma yake. Yuko na mwingine asemaye maneno machungu, lakini akiondoka wenyeji huona kuwa wamepata tiba.

Msomaji mpenzi, mimi ni mama na ni Mkristo, na makao yangu ni Kakamega. Katika nchi hii kusoma na kusali viliingia kwa mlango mmoja. Wamisionari wa Kanisa la Marafiki walifika Kaimosi, kusini ya mji wetu, mwaka 1902. Wale wa Kianglikana walifungua kituo Butere mwaka 1912. Biblia nzima katika Luragoli ilitolewa mwaka 1951. Kwa sababu hiyo kitabu cha kwanza katika nyumba nyingi kilikuwa Biblia, na cha pili kilikuwa kitabu cha nyimbo. Huo ulikuwa mwanzo mwema, lakini ulizaa dhana moja ambayo ingali inatutawala: kwamba kitabu kifaacho nyumbani ni kile kisichotaja dhambi kabisa. Nataka kuipima dhana hiyo.

Kipimo changu ni swali moja. Je, kitabu hiki chasema na nani? Chamwonya mtu mmoja katika nyumba na kuwaachilia wengine, au chawaita wote, baba, mama, mwana na binti, wasimame mbele ya ukweli? Nauliza hivyo kwa kuwa nyumba yenyewe ni kitabu kisichoandikwa. Zamani, katika desturi za Waluhya wengi, mwanamke alifuga kuku, akamchinjisha, akampika, akamwandalia mumewe na wageni, walakini mwenyewe hakumla. Hakuna aliyehitaji kuandika sheria hiyo. Kila binti aliisoma mezani. Kitabu kikiingia katika nyumba ya namna hiyo ama hurudia somo la meza, ama hulisahihisha.

Tuanze na mama aliyetutangulia sote katika kazi hii. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili binti yake, Mwana Hashima, asibaki bila mausia. Alikuwa Mwislamu wa pwani, nami ni Mkristo wa bara. Hata hivyo kila mama aliyewahi kuugua huku watoto wake wangali wadogo atamwelewa. Anamwita binti aje na wino na karatasi, kisha anamfundisha dini, adabu, kuuchunga ulimi, usafi wa nyumba na ukarimu kwa maskini. Mapenzi yaliyomo hayana shaka, na ufundi wa lugha hauna shaka pia.

Lakini tukipime kitabu kwa kipimo chetu. Utenzi huo unamfundisha mke jinsi ya kuipata radhi ya mume, hata radhi hiyo ikawa mlango wa pepo. Haumfundishi mume jinsi ya kuipata radhi ya mke. Tena umetungwa katika nyumba yenye watumwa, na binti anaonywa asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Mambo haya si sababu ya kuutupa. Ni sababu ya kuusoma pamoja na mtu mzima, aeleze maneno ya Kiamu ambayo ni magumu kwa watoto wetu, na aeleze pia yale ambayo ulimwengu umeyaacha kwa haki.

Wa pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufa mwaka 1962. Yeye alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Utenzi wa Adili. Katika jambo hili naona hatua kubwa. Baba ameketi mwenyewe kufundisha, hakumwachia mama kazi hiyo peke yake. Na mwana amepata mausia yake sawa na dada yake. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kuwa mausia hutangulia maisha. Humwambia kijana njia iliyo njema, lakini hayamwonyeshi mtu aliyekwisha kuanguka anavyoinuka, wala mzazi aliyekosa anavyohukumiwa.

Pengo hilo lilijazwa kwa ukali na kitabu cha tatu, Rosa Mistika, kilichotolewa mwaka 1971. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alikuwa mzaliwa wa Ukerewe, na habari yake ni ya nyumba ya Kikristo kisiwani humo. Zakaria, baba wa nyumba, ni mlevi. Akagundua barua aliyoandikiwa binti yake Rosa na kijana aitwaye Charles, akampiga binti vibaya. Rosa alilelewa kwa kuogopa wanaume, asijifunze kuwajua. Alipokwenda shule ya mbali na kupata uhuru asioujua matumizi yake, akapotea. Hata alipojitahidi kurudi katika mwenendo mwema, Charles yule yule alimkataa kwa kuwa hakuwa bikira, na Rosa akajiua.

Kitabu hiki kilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, na nawafahamu wazazi ambao hata leo hawangekiruhusu kupita mlangoni. Hofu yao naiheshimu, maana yamo mambo ambayo mtoto mdogo hapaswi kuyasoma. Lakini nawaomba wafungue Biblia iliyo mezani pao, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, wasome habari ya Tamari. Amnoni alimnajisi dada yake. Baba yao, mfalme Daudi, alikasirika sana, walakini hakumwadhibu. Ukimya huo ukazaa mauaji na vita katika jamaa. Maandiko hayakuificha aibu ya nyumba ya mfalme. Basi tutasemaje kuwa kuificha aibu ya nyumba ndiyo alama ya kitabu kitakatifu?

Nakisifu Rosa Mistika kwa kuwa kinamwita baba mbele ya hukumu pamoja na binti. Hata hivyo sikisifu chote. Regina, mama wa nyumba, ameandikwa kama mtu wa kuvumilia tu. Ningependa kusikia zaidi aliyoyawaza. Tena mwisho wake hauachi mlango wa kurudi. Wanaume waliomharibu Rosa hawakulipa kama alivyolipa yeye. Huenda ndivyo dunia ilivyo, na mwandishi ana haki ya kuionyesha. Lakini mama akimpa binti yake kitabu hiki hana budi kuongeza kwa kinywa chake neno lisilomo ndani: kwamba aliyeanguka aweza kurudi nyumbani, na mlango atauona wazi.

Mtaniuliza, je, kitabu gani basi kiwekwe nyumbani? Nasema viwekwe vyote vitatu, kila kimoja kwa umri wake, na wazazi wavisome kwanza. Kijana wa sekondari asipewe Rosa Mistika kwa siri, wala asinyang'anywe kwa fimbo. Tumeona katika kitabu chenyewe matunda ya fimbo iliyoshika mahali pa mazungumzo. Na kisomwe na mvulana kama kisomwavyo na msichana, kwa sababu Charles na Zakaria nao walikuwa wana wa mama fulani, na yamkini hakuna aliyewasomea lolote.

Msomaji, siku utakapokuwa na nyumba yako, usihesabu vitabu vyako kwa wingi. Tazama kama yumo mtu katika nyumba ambaye vitabu vyote vinamwonya, na mwingine ambaye hakuna kitabu kinachomgusa. Ukimwona huyo wa pili, mtafutie chake, hata kama huyo ni wewe mwenyewe.