Redio, Kundi na Kishikwambi

Mwalimu ni mtu. Chombo ni msaidizi wake. Kauli hii yaonekana nyepesi, lakini aghalabu husahauliwa kila kinapoingia chombo kipya darasani. Kwa hiyo yafaa tuipime kazi moja ambayo taifa letu liliifanya kwa msaada wa chombo, tuone ubora na upungufu wake.

Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12 redio ilifundisha habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Sifa yake ya kwanza ni ya lugha. Jina la kampeni lina mizani 5, sawa na methali yetu "Mtu ni watu", tena limejengwa kwa muundo uleule. Hata asiyejua kusoma aliweza kulishika mara moja. Hapo onyo la daktari lilitungwa upya kwa kanuni za usemi wetu, badala ya kutafsiriwa tu.

Sifa ya pili ni kwamba redio haikuachwa iseme peke yake. Viongozi wa makundi wapatao 75,000 walifunzwa. Watu walisikiliza pamoja, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufukia madimbwi. Somo lilikamilika mikononi, wala halikuishia masikioni.

Hata hivyo, dosari ilikuwapo. Redio husema, haisikii. Mkulima mwenye swali lisilokuwamo kitabuni hakuwa na njia ya kumwuliza msemaji papo hapo. Maarifa ya wataalamu yalimshukia upesi; yake yeye yalichelewa kupanda.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi ile viligawiwa walimu. Chombo hiki chaweza kuiponya dosari niliyoitaja, kwa kuwa chasema na pia chapokea. Jina lake la Kiswahili twalo, nalo lapendeza kinywani. Lakini tusiridhike na jina. Je, masomo yaliyomo yametungwa kwa lugha anayowazia mtoto? Je, mwalimu amefunzwa kukitumia kama alivyofunzwa kiongozi wa kundi? Na mwanafunzi, akiisha kutazama, ana la kujadili na wenziwe, ana la kutenda? Pasipo hayo kishikwambi kitakuwa pambo, tena pambo la gharama.

Basi wapangao elimu yetu wasianze kwa kuhesabu mashine. Waanze na lugha, kundi na tendo, ndipo watafute chombo cha kuyatumikia hayo. Redio za mwaka 1973 zimekwisha chakaa. Vyoo vilivyochimbwa kwa mafunzo yake viliwakinga watu na maradhi, na hicho ndicho kipimo cha somo.