Mwalimu Aketiye Nyuma

Likizo ya katikati ya mwaka huku kwetu Unguja huja pamoja na upepo wa kusi na baridi ya kipupwe. Kwa wageni wa Ulaya huo ni wakati wa kiangazi, nao hujaa Mji Mkongwe na katika mahoteli ya pwani. Kwa mwalimu wa shule ni mapumziko. Lakini kwa mwalimu wa muziki afundishaye watoto nyumbani kwake, mmoja mmoja, ndicho kipindi kigumu kuliko vyote. Ndipo wanafunzi wake wanapopata nafasi ya kupiga mbele za watu, naye hana budi kwenda kuwasikiliza.

Namjua mwalimu mmoja wa namna hiyo, mzee aliyepiga fidla miaka mingi katika taarab. Likizo iliyopita nilifuatana naye katika maonyesho matatu. Mimi si mwanamuziki. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuketi nyuma ya darasa, daftari mkononi, nikimwangalia mwalimu mwanafunzi akifundisha. Huko nilijifunza kwamba mwalimu hupimwa kwa kazi za watoto wake kuliko kwa maneno yake. Kwa kipimo hicho ndicho ninachoandika haya.

Onyesho la kwanza lilikuwa harusini, mtaa wa Ng'ambo. Vijana watatu waliongezwa katika kikundi cha wakubwa, wawili wa fidla na mmoja wa dumbaki. Walipiga kwa adabu. Hawakumpita mwimbaji, wala hawakujitia kuonekana. Kasoro ni kwamba bashrafu ya kufungulia ilikatwa ikiwa ndiyo kwanza inaanza kunoga, kwa kuwa wenye shughuli walitaka nyimbo upesi ili watu wainuke kutunza. Sina ugomvi na kutunza. Ni desturi yetu, na ni njia ya msikilizaji kusema kuwa amesikia. Lakini bashrafu ndipo mwanafunzi anapoonyesha kama amefundishwa, maana hakuna sauti ya mwimbaji ya kujifichia. Ukiikata, umemnyima mtihani wake.

Onyesho la pili lilikuwa hotelini, kando ya bahari. Kijana wa miaka kumi na saba alipiga fidla, mwenzake kinanda cha umeme. Walipiga nyimbo tano, na wageni walipobadilika mezani wakazirudia zile zile. Makofi yalipigwa kwa kila wimbo, uliopigwa vizuri na uliopigwa vibaya. Hapo ndipo nilipomwona mzee akiinamisha kichwa.

Nilimwuliza baadaye. Akanieleza kwamba katika maqamu ya rasti, sauti ya tatu haiko juu wala chini, imekaa katikati. Ganuni ina vijiti vidogo vya kuirekebisha, na fidla huipata kwa kidole tu, kwa kuwa shingo yake haina alama. Kinanda cha kawaida cha umeme hakina kitufe cha sauti ile. Kwa hiyo kijana, ili asigongane na mwenzake, alikuwa amekipandisha kidole chake juu kidogo. Kila usiku kidogo tu, mpaka kidole kikazoea. Wimbo ulikuwa ule ule, lakini kile kilichoufanya uwe wetu kilikuwa kimeondoka.

Mzee alimwambia pale pale, walipokuwa wakifunga vyombo. Kijana akajibu, "Lakini Maalim, hawa hawajui."

"Wewe unajua," alisema mzee.

Msomaji asidhani kuwa nadharau riziki ya kijana yule. Malipo ya hotelini yanasaidia nyumba yao. Na muziki wetu haukuwahi kuwa wa bure: Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti kwenye santuri, alikwenda kikazi. Ninachokosoa ni kwamba aliyemlipa kijana hakumdai kitu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku zote tumemlaumu mgema. Mimi naona lawama kubwa ni ya mnywaji anayesifu bila kuonja.

Onyesho la tatu lilikuwa uani kwa mzee mwenyewe, mbele ya wazazi wasiozidi ishirini. Msichana wa miaka kumi na mbili alipiga taksimu, yaani kupiga peke yake bila mdundo, akiitembea maqamu kwa fikra zake. Alianza vizuri. Katikati akakosea, akasita, akarudi nyuma. Mbele kidogo akakosea tena, akasimama kabisa, akakaza uzi mmoja, kisha akaendelea mpaka mwisho. Makofi yalikuwa machache. Mama yake aliinama kwa haya.

Nami nasema bila kusita kuwa hilo ndilo lililokuwa bora katika yale matatu. Harusini vijana walibebwa na wakubwa. Hotelini kijana alibebwa na makofi. Msichana huyu hakubebwa na mtu. Alijisikia mwenyewe alipopotea, akatafuta njia, akairudia. Mwanafunzi anayelisikia kosa lake hahitaji kusimamiwa maisha yake yote, na hapo kazi ya mwalimu imekamilika.

Mama alikuwa amekwisha kuamua kumwachisha, kwani ada ni nzito na matokeo hayaonekani. Mwalimu mwingine angemwambia, "Amepiga vizuri sana," ili asipoteze mwanafunzi. Mzee alisema, "Mwanangu, amekosea mara mbili, na mara zote mbili amejua kabla yangu. Niachie mwaka mmoja." Mama akajibu kwamba atazungumza na baba yake.

Katika maonyesho yote matatu mzee aliketi nyuma kabisa, mikono juu ya magoti, vidole vya kushoto vikicheza polepole. Hakumwashiria mtu. Walimu wengi niliowakagua hawakuweza hilo. Mtoto akikwama waliinuka kumsemea.

Mwaka 2002 kisiwa chetu kilipata Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, nalo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo walimu wa majumbani wangali wanahitajika, na wasikilizaji wanaofaa wanahitajika zaidi. Wenye harusi waache bashrafu iishe. Wenye hoteli wadai wimbo wa sita, kisha wa saba. Wazazi wajifunze kumwuliza mtoto, "Wapi palikushinda?" kabla ya kumpongeza.

Hadi naandika haya, msichana angali anasoma. Kijana wa hotelini hajaonekana darasani tangu usiku ule. Nafasi yake ni Alhamisi, saa kumi alasiri. Wapo watoto wawili wanaoiomba, na mzee hajampa yeyote.