"Mahameli ya Kasai": Jina Lifichalo Kazi

Kitambaa cha Wakuba, waishio kati ya mito ya Kasai na Sankuru, kimeenea kwa jina la Kifaransa "velours du Kasai". Nasi tunapolitafsiri kuwa "mahameli ya Kasai", twadhani tumemaliza kazi. Katika ukurasa huu twanuia kuonyesha kwamba jina hilo lina kasoro mbili: ya ufundi na ya maana.

Tuanze na ufundi. Mahameli halisi hupata manyoya yake katika kitanda cha mfumaji, kwa nyuzi za ziada zifumwazo pamoja na mtande na mshindio. Kwa Wakuba sivyo. Mwanamume hufuma kwanza kipande kitupu kwa nyuzi za mwale zisizosokotwa. Ndiyo maana urefu wa kipande hauwezi kupita urefu wa jani. Baadaye mwanamke hutarizi: hupitisha uzi kwa sindano chini ya nyuzi zilizofumwa, haufungi fundo, kisha huukata kwa kisu kidogo. Manyoya hayo hushikwa na mbano wa kitambaa peke yake.

Kuhusu maana, "mahameli" humpeleka msomaji dukani, kwenye anasa ya mtu mmoja. Lakini vazi la sherehe la mwanamke wa Kikuba, ambalo huweza kuzidi mita 6, huungwa kwa vipande vilivyopita katika mikono mingi ya jamaa. Hakuna awezaye kusema kwa urahisi: "Ni langu." Siku ya mazishi marehemu huvishwa vazi la mwale, akazikwa nalo, ili jamaa waliotangulia wamtambue. Kazi ya miezi na miaka huingia udongoni, na ukoo hauihesabu kuwa hasara.

Huenda mtu akajibu kwamba jina limekwisha kuzoeleka, tena linaeleza vema ulaini wa kitambaa. Twakubali. Hata hivyo, hilo ni jina lililotolewa na mkono uliopapasa, si mkono uliotenda. Kiswahili hakikosi maneno. Twapendekeza "tarizi ya mwale": neno "mwale" lahifadhi fungu la mwanamume afumaye, na "tarizi" lahifadhi fungu la mwanamke. Mwanafunzi atakayeandika hivyo atalazimika kuuliza ni nani aliyefanya nini, na kwa ajili ya nani. Swali hilo "mahameli" halimdai.