Ripoti ya Fulton na Mipaka ya Mageuzi ya Utumishi wa Umma Uingereza

Ripoti ya Fulton ya mwaka 1968 iliushutumu utumishi wa umma wa Uingereza kwa kung'ang'ania falsafa ya Ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854, na kwa kumtukuza mjuzi wa mambo ya jumla kuliko mtaalamu. Shutuma hiyo ina uzito. Hata hivyo, hadidu za rejea ziliuacha nje uhusiano wa mawaziri na watumishi waandamizi, ambao ndio kiini cha serikali ya kibunge. Idara ya Utumishi wa Umma iliyoundwa mwaka huo ilivunjwa 1981. Chuo kilichofunguliwa 1970 kilifungwa 2012, kikiwa na jina jingine. Kinyume chake, kanuni ya 1854 ya kuajiri kwa sifa iliingizwa katika sheria mwaka 2010. Mageuzi yanayokwepa swali la nani awajibike kwa nani huishia kubadili majina ya ofisi.