Narnia Niliyoisoma Kibondo Haikuwa na Mwisho

Kitabu cha kwanza cha Narnia nilikisoma Kibondo mwaka 2003, nikiwa darasa la sita. Sikukisoma peke yangu. Nilikisoma na msichana wa rika langu ambaye Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na changu chenyewe kilikuwa cha kuombea maji. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila makala ya kusifia Narnia niliyowahi kuikuta ina mtoto aliyejifunika blanketi, mvua inanyesha nje, mama analeta kikombe cha maziwa ya moto. Sisi tulikuwa tumekalia balo la mitumba.

Baba yangu alikuwa dereva wa shirika moja lililohudumia wakimbizi wa Burundi. Wakati ule wilaya ya Kibondo ilikuwa na kambi kadhaa: Nduta, Kanembwa, Mtendeli, Karago, Mkugwa. Jumamosi nyingine alinipakia kwenye gari hadi soko lililokuwa jirani na kambi, mahali ambapo wenyeji na wakimbizi tuliuziana vitu. Sisi tulipeleka ndizi, muhogo na asali, wao walileta sabuni na mafuta ya mgao. Kuelewana haikuwa kazi, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu. Hapo ndipo nilipompata rafiki yangu. Mama yake aliuza mitumba.

Vitabu vilitoka kwenye boksi la msaada ambalo baba alipewa, vyote vya Kiingereza, vingi vya upishi. Viwili vilikuwa vya C.S. Lewis. Cha kwanza The Lion, the Witch and the Wardrobe, yaani Simba, Mchawi na Kabati, kilikuwa kizima. Cha pili, Prince Caspian, hakikuwa na jalada, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimechanika. Tukaanza. Mimi nilisoma na kamusi mkononi, nikatafsiri kwa Kiswahili, yeye akabeba Kiswahili changu akaenda kuwasimulia wadogo zake kwa Kirundi.

Sijui Narnia gani iliwafikia wale watoto. Kwenye neno theluji tulikwama siku nzima, mwisho tukakubaliana kuwa ni mvua ya mawe isiyoyeyuka. Kile kitamu ambacho Edmund anakula mpaka anawasaliti ndugu zake tulikigeuza kashata. Miaka baadaye nililamba halua Zanzibar, nikajua tulikosea, lakini pia nikamwelewa Edmund vizuri zaidi.

Kuna kitu kimoja hakikuhitaji kamusi. Lucy anaingia kabatini, anapita katikati ya makoti ya watu asiowajua, anatokea nchi nyingine. Rafiki yangu alilala usiku na makoti ya aina hiyo hiyo. Makoti mazito ya Ulaya yalikuwa hayana bei mpaka baridi ya Juni ianze, kwa hiyo mama yake aliyarundika ndani. Alijua yanavyonuka. Aliwahi kukuta tiketi ya basi ya nchi ya watu mfukoni. Kwake, kwamba ukipita kwenye koti la mtu unaweza kufika kwao, halikuwa jambo la kushangaza sana.

Sasa niseme ninachotaka kusema. Narnia husifiwa kwa mlango wa kuingilia. Mimi naona ni hadithi ya kurudi, na ubora wake na makosa yake yote yako hapo.

Tazama inavyoanza. Lewis anasema kwa kifupi kabisa kwamba Peter, Susan, Edmund na Lucy walitolewa London wakati wa vita kwa sababu ya mabomu ya ndege, wakapelekwa kwa profesa mmoja mzee kijijini. Halafu anaendelea na habari za nyumba. Jambo hilo hakulitunga hewani. Septemba 1939 Uingereza ilihamisha watu kama milioni 1.5 kutoka mijini, wengi wao watoto, na Lewis mwenyewe alipokea baadhi yao nyumbani kwake Oxford. Msomaji wa kawaida anapita hapo mbio ili afike kabatini. Rafiki yangu hakupita. Aliuliza, "Baba yao yuko wapi?" Nikafunua kurasa za mbele, hakuna. Mama anatajwa kwa kupita tu. Tukasoma kitabu chote tukimsubiri huyo baba.

Baada ya miaka mingi ya kutawala kama wafalme na malkia, wale wanne wanamfuata paa mweupe porini, wanajikuta kwenye makoti tena, wanatoka wakiwa watoto, siku ile ile, saa ile ile. Hakuna aliyewauliza kama wako tayari. Nilipokuwa mtoto niliona huo ni mchezo wa muda. Nikisoma leo naona kitu kikali zaidi: watu wamejenga maisha mahali, wana majina na heshima huko, kisha wanarudishwa walikotoka na kuambiwa kwamba ule muda haukuhesabika.

Prince Caspian, cha mwaka 1951, ndicho kitabu ambacho wapenzi wa Narnia hukiona kidhaifu. Kinakwenda taratibu, kuna safari ndefu msituni, na sehemu kubwa mtu mmoja anawasimulia wengine mambo yaliyopita. Yote kweli. Lakini mwanzo wake, kwangu, ndio ukurasa bora wa vitabu vyote saba. Kwao umepita mwaka mmoja tu. Narnia zimepita zaidi ya karne kumi. Wanatokea kwenye magofu na hawajui wako wapi. Susan anaokota farasi mdogo wa dhahabu wa mchezo wa sataranji. Kisha wanaitambua miti ya matufaha iliyogeuka pori: ni bustani waliyoipanda wenyewe kwenye lango la jumba lao.

Nimefanya kazi ya uandishi wa habari Kasulu kwa miaka sasa, na nimewasikiliza watu waliovuka mpaka mara mbili na tatu. Nyumba haipo, mpaka wa shamba umesogezwa, jirani ni mgeni. Mtu anakwambia, pale palikuwa kwetu, naujua ule mparachichi, aliupanda baba. Lewis hakuwahi kufika huku. Lakini alijua kwamba anayerudi haanzi kuitambua nyumba, anaanza kuutambua mti.

Rafiki yangu aliondoka mwaka 2004. Lilikuwa lile wimbi la kurejea kwa hiari, maneno tuliyoyazoea watoto wote wa Kibondo kabla hatujajua maana yake. Kwao ni Ruyigi, ng'ambo tu ya mpaka. Alichukua Simba, mimi nikabaki na Caspian asiye na mwisho.

Mwisho wake niliusoma Dar es Salaam, nikiwa chuo, kwenye nakala ya kuazima. Hebu fikiria. Vita imekwisha. Watelmari, wale wageni waliokuwa wanaitawala Narnia, wanaambiwa na Aslan kuwa asiyetaka kuishi chini ya utaratibu mpya atapelekwa kwenye kisiwa walikotoka mababu zake. Anasimamisha miti miwili, mmoja juu yake, basi, huo ndio mlango. Mmoja anakubali, anapita, anatoweka. Waliobaki wanaogopa. Wanasema, tutajuaje kama hajauawa? Ndipo Peter anawaongoza wadogo zake wapite ili wengine waamini. Na yeye na Susan wameshaambiwa kwamba hawatarudi tena, wameshakuwa wakubwa.

Nilikifunga kile kitabu nikakaa. Miaka mitano nilikuwa najiuliza kinaishaje, kumbe kinaisha na watu wamesimama mbele ya mlango wa kurudia kwao, wanauliza kama waliotangulia wako hai. Rafiki yangu alisimama mbele ya mlango huo bila kurasa zile.

Mwaka ule ule wa 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, nchi yake iliyo hewani. Napenda kuvisoma viwili hivi pamoja. Wajumbe wa Kusadikika wanatumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wanarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, na malipo yao ni kifungo. Lucy naye anarudi kutoka kabatini na habari za kweli, ndugu zake wanamwona mwongo. Tofauti ni kwamba kwa Lewis tatizo linakwisha wengine wakishaona kwa macho yao. Shaaban Robert anajua kuna watu wataona, wataelewa, na bado watakufunga. Inabidi Karama asimame barazani na kubishana kwa hoja hadi wafungwa wafunguliwe. Kuhusu anayerudi, Mtanga wetu alikuwa na macho makali zaidi ya yule wa Oxford.

Nisijifanye kwamba Narnia haina doa. Wakalormeni wa The Horse and His Boy (1954) na The Last Battle (1956) ni watu weusi weusi, wenye vilemba na majambia, na mara nyingi ni wakatili au wajanja wa fedha. Mtoto wa Kigoma anayesoma anajikuta anawashangilia weupe wa kaskazini bila kujua ni lini alichagua upande. Ni kweli yupo Emeth, askari wa Kalormeni ambaye Aslan anampokea kwa sababu ya moyo wake. Lakini mtu mmoja mwema hawezi kuwalipia watu wote wa nchi yake. Ninapomsomea mtoto wa dada yangu huwa nasimama hapo na kumwuliza: huyu aliyeandika, aliwahi kukutana na hawa watu?

Kosa linaloniuma zaidi ni la Susan. Katika The Last Battle karibu wote tuliowapenda wanafika nchi ya Aslan. Tunajulishwa kwamba wamekufa kwenye ajali ya treni, na wazazi wao pia. Susan hayumo. Tunaambiwa kwa maneno machache kuwa siku hizi yeye ni soksi ndefu, rangi ya mdomo na mialiko ya sherehe, na Narnia anaiita michezo ya utotoni. Basi. Hadithi inaendelea juu, juu zaidi, kwa furaha.

Mi nabaki chini na Susan. Huyu dada amepoteza baba, mama, kaka wawili na mdogo wake siku moja. Alishaambiwa akiwa msichana tu kwamba kule hatarudi, kwa hiyo alijifunza kuishi aliko, akanunua rangi ya mdomo, akaenda kwenye sherehe. Hivi hilo ni kosa? Nawajua wanawake waliozaliwa kambini, wakaambiwa hapa si kwenu, wakarudi walikoambiwa ni kwao, wakajipamba na kuanza upya. Hakuna anayewaita wasaliti kwa kuwa hawataki kuzungumzia kambi. Lewis, aliyefiwa na mama akiwa na miaka tisa, angeweza kukaa na Susan ukurasa mmoja. Katika barua aliyomwandikia mtoto mmoja msomaji alisema muda bado upo, huenda Susan akafika kwa njia yake. Hilo lilitakiwa liwe kitabuni.

Je, bado navipenda vitabu hivi? Ndiyo, kabisa. Navipenda kwa sababu mwandishi wake aliwachukulia watoto waliohamishwa kuwa watu wanaoweza kutawala nchi, hakuwafanya wa kuhurumiwa tu. Kwenye soko lile, hakuna mtu mzima aliyekuwa akizungumza na rafiki yangu namna hiyo.

Kwa anayeanza: soma kwa mpangilio vilivyotoka, 1950 hadi 1956. Matoleo mapya huweka The Magician's Nephew mwanzoni, maana kinaeleza Narnia ilivyoumbwa. Usikubali. Ukishaambiwa kabati limetoka wapi, huwezi tena kuingia nalo kwa mshangao kama Lucy. Na ukifika Prince Caspian, usikimbie.

Na kama kuna mtu huko Ruyigi mwenye nakala ya zamani ya Simba, ndani ya jalada kuna majina mawili ya wasichana kwa kalamu ya bluu, la pili limeandikwa vibaya: nakala ya pili iko Kasulu. Kurasa zilizokosekana nimezichapa na kuzibandika. Naweza kukusimulia inaishaje.